Siku moja na seva kuukuu: diski iliyofukuzwa ndiyo iliyokuwa nzima

Saa 2:10 asubuhi
Simu ya kwanza inatoka uhasibu. "Fundi, faili hazifunguki." Namuuliza dada yule: hazifunguki kabisa, au zinachelewa? "Zinachelewa mno, halafu zinafunguka." Jibu hilo limenipunguzia kazi. Faili isiyofunguka kabisa ningeanza kuitafuta kwenye mtandao au kwenye ruhusa. Inayofunguka baada ya kungoja sana, aghalabu kuna diski inayosoma sehemu moja tena na tena mpaka ifaulu.

Saa 2:30
Seva yenyewe ina umri: diski nne za TB 2 kwenye RAID 5 ya Linux, mpangilio unaovumilia kupotea kwa diski moja tu. Nafungua /proc/mdstat, faili inayoonyesha hali ya kundi la diski, nakuta [U_UU]: kila U ni diski iliyo kazini, mstari ni iliyokosekana. Diski ya pili, ambayo Linux inaiita sdb, imeshatolewa kundini tangu usiku. Barua pepe ya tahadhari ilitumwa, ila kwa anwani ya mtu aliyeacha kazi zamani.

Mwenye haraka angeng'oa sdb, akaweka mpya na kuanza kujenga upya data yake. Mimi huuliza kwanza hali ya zilizobaki, maana kujenga upya ni kuzisoma zote tatu tangu mwanzo hadi mwisho.

Saa 3:00
Napitisha smartctl -a, amri inayosoma rekodi za afya ambazo diski hujiwekea, kwa kila diski. Zote nne zimeandikiwa PASSED, yaani zimefaulu, neno ambalo silipi uzito wowote; naenda moja kwa moja kwenye mistari ya 5, 197, 198 na 199, inayohesabu sekta (vipande vidogo vya diski) zenye kasoro na makosa ya njiani.

sdb: 5 ni sifuri, 197 ni sifuri, lakini 199 imefika mamia. Mstari huo huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mama, na mshukiwa wa kwanza ni kebo.

sdc, ambayo bado iko kazini: 197 inasema 16. Hizo ni sekta ambazo diski ilishindwa kuzisoma vizuri na bado haijaamua izihamishe au iziache.

Kumbe aliyefukuzwa ni mzima, na mgonjwa ndiye anayebeba mzigo! Kama ningebadilisha sdb, ujenzi ungefika kwenye sekta hizo 16 pasiwe na diski ya nne ya kuzifidia.

Bosi anapita na ushauri wake wa siku zote: zima, washa. Namwambia hapana, bosi, si sasa hivi. Diski iliyozunguka miaka mingi bila kusimama ikizimwa inaweza kugoma kuzunguka tena. Tunanakili kwanza.

Saa 3:30 hadi saa 6
Naifanya seva iwe ya kusoma tu, kisha rsync, programu ya kunakili, inachukua kila kilichobadilika tangu nakala rudufu ya usiku. Malalamiko yanamiminika. Folda moja inaganda kwa muda mrefu, kisha inapita. fsck, programu ya kurekebisha mfumo wa faili, siigusi: huandika kwenye diski, na sitaki kitu chochote kiandike juu ya diski inayosoma kwa kubahatisha.

Saa 6:15 mchana
Nazima. Diski nazitambua kwa namba ya mfululizo (serial number) iliyochapwa kwenye lebo, kamwe si kwa herufi ya jina kama sdb, kwa kuwa herufi huhama. Nabadilisha kebo ya ile iliyofukuzwa na kuweka diski mpya kwenye nafasi ya tano. Zote zinawaka. Na kweli, mgonjwa wangu sasa anaitwa sdd.

Nairudisha ile nzima kundini kwa mdadm --re-add, mdadm ikiwa programu inayosimamia kundi. Kundi hili lina bitimapu, yaani kumbukumbu ya maeneo yaliyoandikwa wakati diski haikuwapo, hivyo inasawazisha hayo tu. Dakika chache, [UUUU].

Sasa ndipo naongeza diski mpya kama akiba na kutoa amri ya --replace. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa habanduki mpaka mrithi wake awe tayari: data inanakiliwa kutoka kwake, na sekta isiyosomeka inakokotolewa kutoka diski nyingine tatu. Watu wanaruhusiwa kuandika tena.

Mchana wote
TB 2 kwa MB 100 kwa sekunde ni kama saa tano na nusu. Narekebisha anwani ya tahadhari. Bosi anauliza kwa nini tutupe diski yenye PASSED na kasoro 16 tu. Namtajia utafiti wa Google wa 2007, uliofuatilia diski zaidi ya laki moja: baada ya kosa la kwanza kuonekana katika ukaguzi wa uso wa diski, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya diski isiyo na kosa hilo. Anatia saini ya diski nyingine ya akiba.

Saa 1:20 jioni
Kazi imekwisha. Naangalia 199 ya ile diski niliyoirudisha: ni ileile ya asubuhi. Hesabu hiyo haishuki kamwe, kwa hiyo kutopanda ndiyo habari njema. Naanzisha ukaguzi wa kundi zima utakaoendelea usiku, naandika MBOVU kwa kalamu nzito juu ya diski ya zamani, nakata kebo ya zamani vipande viwili ili asije mtu akaiokota kwenye droo.