Nilivyofunga jiko la nyambizi iliyokuwa inastaafu

Watu wakisikia manowari inastaafishwa hufikiria bendera, bendi na wakubwa waliojaa medali kifuani. Hayo yapo. Lakini kwenye nyambizi kustaafu huanzia jikoni, na funguo za stoo nilikuwa nazo mimi.

Mimi ni mtoto wa Mtongwe, ng'ambo ya feri pale Mombasa, ambako meli za jeshi tulizizoea kama tulivyozoea matatu. Nyambizi, hata hivyo, Kenya haina hata moja. Ya kwanza kuiona kwa macho yangu ndiyo niliyopangiwa kuipikia, baada ya kupata uraia wa Marekani na kujiunga na jeshi lao la majini. Ilikuwa nyambizi ya nyuklia ya aina iitwayo Los Angeles, moja kati ya 62 zilizojengwa kuanzia miaka ya 1970. Jina lake naliacha, maana wenzangu wengi bado wako kazini. Urefu karibu mita 110, watu zaidi ya mia, na jiko ambalo ukigeuka vibaya kiwiko kinakwama kwenye oveni. Moto wa kuwasha hamna, ni umeme mtupu.

Amri ilipokuja kwamba tunaipeleka Bremerton, jimbo la Washington, kwenye karakana ya Puget Sound, kazi yangu ya kwanza ikawa kutonunua. Kwa mpishi wa nyambizi hilo ni jambo geni. Mtambo wa nyuklia unatoa umeme, na umeme huo unatengeneza maji ya kunywa na hewa ya kupumua. Kinachoirudisha boti, ndivyo sisi tunavyoiita nyambizi, bandarini ni chakula kuisha. Ndiyo maana safari ndefu ikianza makopo hupangwa hadi sakafuni na watu wakatembea juu yake. Sasa nilitakiwa kufanya kinyume: siku tunayozima jiko, stoo iwe tupu na hesabu ya wakubwa ikubali.

Nikaanza kupanga menyu kutoka mwisho kurudi nyuma. Nyama ya friza iliondoka mapema kwa sababu kufuta na kukausha friza ni kazi ya peke yake. Makopo yakafuata. Bitiruti tulikula hadi jamaa mmoja wa torpido akaniuliza kama kuna mtu aliniudhi. Unga, sukari, siagi na hamira nilivifungia, na sikumpa mtu. Nilijua vitahitajika.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba sherehe kubwa hufanywa mapema, boti ikiwa bado hai, na mara nyingi boti yenyewe haipo pale. Yetu ilifanyika Keyport, kwenye jumba la makumbusho la mambo ya chini ya bahari, penye mnara wa nyambizi ya zamani USS Sturgeon. Walioalikwa ni pamoja na wazee walioizindua boti yetu miaka ya themanini. Ujumbe wao kwangu ulikuwa mmoja: keki za hotelini hawazitaki, wanataka skonzi za mdalasini zilizookwa ndani ya boti, zile za saa nane za usiku zinazomwamsha mtu kwa harufu kabla ya zamu.

Kuoka hakukunisumbua. Shida ilikuwa kuzitoa. Nyambizi ina mlango wa duara juu, mwembamba, wenye ngazi iliyosimama wima; trei pana haipiti ikiwa imelala, na ukiiinamisha sukari yote inamwagikia shingo ya aliye chini. Na nje mvua ya Washington, ile isiyonyesha wala isiyoacha. Tukazipanga kwenye maboksi membamba, kila boksi ndani ya mfuko wa takataka mpya, kisha tukasimama mlolongo: mmoja jikoni, mmoja chini ya ngazi, mmoja katikati kajibana na mgongo, mmoja juu. Kijana wa juu alikula mbili, nilimwona.

Kwenye unga nilitia iliki, siwezi kukanda unga mtamu bila iliki. Mzee mmoja alitafuna, akanitazama, akasema hii si ya zamani. Kisha akachukua nyingine.

Hotuba zilikuwa ndefu. Nilisikia nusu.

Kufunga jiko kulikuja baada ya hapo, na hapo ndipo mimi nahesabu kwamba boti ilistaafu. Tulikwangua mafuta ya miaka thelathini na zaidi kwenye bomba la moshi, tukahesabu visu, tukakata umeme wa oveni. Wafanyakazi wakahamia kula nchi kavu, na kuanzia siku ile boti ikanuka chuma na dizeli tu. Bendera ilishushwa rasmi miezi kadhaa baadaye, mbele ya watu wachache, pamoja na ule utepe mrefu mwembamba unaopepea tangu meli inapoingia kazini. Zamu ya mwisho ikaambiwa iondoke.

Mama aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, chombo kizima hivyo wakakikatekate?" Nikamwambia ndiyo. Fueli ya nyuklia inatolewa na kupelekwa Idaho kwa treni. Chumba cha mtambo kinakatwa, kinazibwa pande zote, kinapanda tishari hadi mto Columbia, kisha kinawekwa kwenye handaki kubwa Hanford, eneo la taka za nyuklia huko huko Washington, pamoja na vya wenzake zaidi ya mia. Chuma kilichobaki kinauzwa. Akasema, "Bora wangewapa wavuvi."

Vifaa vizima huchukuliwa na boti nyingine, na mashine yangu ya kukandia unga ilipata bwana mpya. Juzi mpishi wake amenipigia kuuliza kwa nini mkate wake unanukia kitu asichokijua. Nikamwambia aisugue kwa magadi, ikikataa, azoee.