Sabuni ya bibi na floraidi ya Meru: nilivyolishinda somo la jiokemia

Mwaka wa pili chuoni nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya jiokemia, lile somo la jinsi mwamba, udongo, maji na hewa vinavyobadilishana madini juu ya uso wa ardhi. Sikuwa mvivu. Nilikuwa nakariri. Desa langu, yaani notsi za kukariri, lilijaa kanuni za umumunyifu (kiasi gani cha madini kinaweza kuyeyuka majini), lakini nikipewa matokeo ya maji ya kisima na kuulizwa yamepita kwenye mwamba wa aina gani, nilikwama kabisa.

Sapu niliivuka kwa shida. Somo lenyewe nililielewa mwaka wa tatu, kupitia meno yangu.

Nimezaliwa Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kama wengi niliosoma nao shule ya msingi, meno yangu ni ya kahawia kwa sababu ya floraidi katika maji tuliyokunywa tukiwa wadogo, wakati meno ya ukubwani yalikuwa yakijengeka ndani ya ufizi. Dar es Salaam nilizoea kuziba mdomo nikicheka. Ulipofika wakati wa kuchagua mada ya mradi, nikamwambia msimamizi wangu kwamba nataka kupima maji ya kwetu. Akakubali, akanipa swali moja: floraidi imetoka kwenye mwamba, sawa, lakini kwa nini inabaki kwenye maji?

Nilikwenda fildi na chupa za plastiki, vichujio na kipima pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji. Kila kituo nilijaza chupa mbili, moja nikiitilia matone ya asidi ya nitriki ili metali zisigande kwenye kuta za chupa, nyingine nikiiacha ilivyo kwa ajili ya floraidi na wenzake. Kwenye kisima kimoja cha chini nilimkuta bibi anafua.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Maji yetu unayapeleka wapi?”

Nikamweleza. Akasema, “Haya maji hayana shida. Sabuni kidogo tu, povu limejaa beseni.”

Nilisimama pale na chupa mkononi. Chumba nilichopanga Dar tulitumia maji ya kisima yanayokataa povu, na birika letu lilikuwa na ukoko mweupe ndani. Ule ukoko ni chokaa, ambayo ina kalsiamu. Kalsiamu ndiyo inayozuia povu. Kumbe bibi alikuwa ananiambia, kwa lugha ya beseni, kwamba maji yake yana kalsiamu kidogo sana. Na kalsiamu ndiyo hasa inayoweza kuikamata floraidi na kuituamisha, yaani kuitoa majini ikawa kitu kigumu, kama madini ya floraiti.

Usiku ule nilipiga hesabu kwa mwanga wa simu. Floraiti hutumia kalsiamu moja kwa floraidi mbili, kwa hiyo kwenye kanuni floraidi inazidishwa yenyewe kwa yenyewe. Maji yakiwa na floraidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yanaweza kubeba kalsiamu kama miligramu 160 kwa lita kabla floraiti haijaanza kutuama. Floraidi ikifika 10, nafasi ya kalsiamu inashuka hadi kama miligramu 4 tu. Hiyo ni hesabu ya haraka, bila kusahihisha athari za chumvi nyingine, lakini ilinitosha. Kanuni niliyoikariri miaka miwili ilikuwa inaongea kuhusu kisima ninachokijua.

Kilichobaki ni kujua kalsiamu imekwenda wapi. Lava na majivu ya Meru yana sodiamu nyingi. Mvua hushuka, huchukua kaboni dayoksaidi kwenye udongo, kisha hula mwamba taratibu na kuachia sodiamu na bikabonati. Kadiri maji yanavyokaa ardhini pH inapanda, na kalsiamu kidogo iliyopo inatuama kama chokaa. Floraidi inabaki bila wa kuikamata.

Hapo ndipo nilipokosea. Safari ya kwanza nilipima pH jioni, nyumbani. Maji yakikaa, gesi hutoroka na pH hupanda, kwa hiyo matokeo yangu yalionyesha chokaa ikituama kupita kiasi hata pale isipotuama. Msimamizi aliyatazama kidogo tu, akaniuliza nilipima saa ngapi. Ilibidi nirudi vituo vyote kwa bodaboda, nikipima palepale chanzoni, nauli ikitoka kwenye bumu langu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi. Maabara sikuandika lolote hadi jumla ya chaji chanya na ya chaji hasi za madini yaliyoyeyuka kwenye kila sampuli zilipokaribiana, tofauti ikiwa chini ya asilimia 5. Anayesoma somo hili asiruke hatua hiyo, kwani ndiyo inayokuonyesha kama namba zako zinaaminika.

Kisima cha bibi kilitoa floraidi zaidi ya miligramu 8 kwa lita, kalsiamu 3. Chemchemi moja ya juu ilikuwa chini ya 1.5.

Niliporudi kumpa majibu aliniuliza kama aache kukitumia. Nikamwambia kufulia aendelee, ila ya kunywa na kupikia yatoke juu, hasa ya watoto. Kuchemsha hakusaidii, maana maji yanapungua na floraidi inabaki palepale. Nyumbani mtoto wa dada yangu ana miaka 2. Maji yake mama anayachota chemchemini kila asubuhi, kwenye dumu la peke yake lenye mfuniko mwekundu.