Nanny: hofu ya yaya anayedai mshahara wake

Filamu ya Nanny, iliyoandikwa na kuongozwa na Nikyatu Jusu, ilitwaa Tuzo Kuu ya Majaji kwa upande wa tamthilia za Kimarekani katika tamasha la filamu la Sundance huko Marekani mwaka 2022, na tangu nilipoitazama nimekuwa nikibishana na marafiki wanaosema kwamba haitishi. Wanachotaka ni mlango unaofunguka wenyewe na damu ukutani, wakati filamu hii kwa sehemu kubwa inatuonyesha mwanamke akimlisha mtoto wa watu, akimwogesha, akimsomea kitabu, kisha akisubiri kulipwa. Mimi naamini kwamba kusubiri huko ndiko kitisho chenyewe, na kwamba mwendo wa taratibu unaolalamikiwa ndio uliomwezesha Jusu kusema ukweli kuhusu kazi ya ndani. Niseme mapema kwamba nitaeleza hadithi yote hadi mwisho wake, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa utamu aitazame kwanza.

Aisha, anayeigizwa na Anna Diop, alikuwa mwalimu kwao Senegal. Sasa yuko New York bila vibali, na anaajiriwa na mke na mume wenye nafasi, Amy na Adam, kumlea binti yao Rose katika nyumba yao ya ghorofani huko Manhattan. Mwanawe mwenyewe, Lamine, amebaki Senegal akilelewa na jamaa yao Mariatou, na kila anachokipata Aisha kina kazi moja, nayo ni kumleta mtoto huyo Marekani. Siku ya kwanza ya kazi Amy anamkabidhi faili nene lenye ratiba ya mtoto, vyakula anavyoruhusiwa na namba za dharura. Ni mapokezi ya adabu kabisa, na mtazamaji aliyewahi kuajiriwa ndani ya nyumba ya mtu tayari anaanza kuhisi baridi, kwa maana faili lile limeandika kila kitu kinachomhusu Rose na halina mstari hata mmoja unaomhusu anayemlea.

Yaliyobaki yanakuja kidogo kidogo. Amy anachelewa kurudi, na Aisha analazimika kukaa. Mara nyingine anaombwa alale, kwa hiyo anapewa chumba. Aisha ni mwangalifu, anaziandika saa zake zote, lakini malipo yanakuja pungufu, au yanaahidiwa kesho, au hayatajwi kabisa mpaka ayataje yeye. Tazameni uso wa Anna Diop anapoingia kudai haki yake. Amejiandaa, ameshika hesabu yake, sauti ameishusha kiasi kwamba asionekane mkali, na hata hivyo anayejisikia kuonewa ni Amy, ambaye analalamikia kazi yake na ndoa yake kana kwamba Aisha amekuja kumpa pole. Baadaye Adam anamlipa sehemu ya deni, na jambo hilo nalo linageuka ugomvi baina ya wenye nyumba, huku anayedai akisimama katikati kama ndiye aliyekosa. Nimetazama filamu nyingi za mizimu, lakini ni chache zilizonibana kifua kama mwanamke huyu anavyotafuta maneno ya kuomba pesa ambazo ni zake.

Anayejua sheria za mji ule atauona uchungu mwingine ndani ya jambo hilo. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya haki za wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2010, likawa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Mfanyakazi asiyelala kwa mwajiri anastahili malipo ya ziada baada ya saa 40 kwa wiki, anayelala anastahili baada ya saa 44, na kila mmoja ana siku ya kupumzika katika wiki. Sheria hiyo haimbagui asiye na vibali. Kwa hiyo Amy anavunja sheria waziwazi, ila mtu anayeogopa kufukuzwa nchini hawezi kwenda kubisha hodi kwenye ofisi ya serikali akataje jina lake na anakoishi. Filamu haitoi hotuba juu ya hayo, na haina haja. Inatosha kwamba tunamwona Aisha akikunja karatasi yake na kurudi kumwandalia Rose chakula.

Na wema wa nyumba ile unaumiza kuliko ukali wake. Amy anamwazima Aisha gauni jekundu na kusifia linavyopendeza kwenye rangi yake. Adam ni mpiga picha za habari, na kuta zake zimetundikwa picha kubwa za watu Weusi katika maandamano na mateso, lakini mwanamke Mweusi aliye mbele yake hapati kwake heshima wanayopewa wale waliomo kwenye fremu, maana siku moja anambusu bila kuulizwa. Rose anakataa chakula cha mamaye na anaufurahia wali wa jollof aliopika Aisha, na Amy badala ya kushukuru kwamba mtoto amekula anaanza kulalamikia viungo. Hakuna anayepaza sauti hapo wala kuinua mkono, na kwa sababu hiyo Aisha hana tukio moja ambalo angeweza kumsimulia mtu akaeleweka mara moja.

Kiini cha yote ni simu. Aisha na Lamine wanaonana kwa video, mtandao unakatika, saa za nchi mbili hazilingani, mama anapopata nafasi mtoto amelala, na mtoto anapokuwa macho mama anamwogesha Rose. Mapenzi ya mama yanauzwa kwa saa, na aliyeyanunua hata kulipa halipi. Rose anajifunza Kifaransa kutoka kwa Aisha, anamkumbatia, anamtegemea. Jusu hamfanyi mtoto huyo kuwa mbaya, na hapo alifanya uamuzi wa busara sana, kwa sababu tukiweza kumchukia Rose tutapata pa kukimbilia. Nasi hatumchukii, kwa kuwa hata Aisha anampenda.

Mazimwi yapo pia, asidhani mtu kwamba hayamo. Maji yanaanza kuonekana pasipostahili, ukungu unaota kwenye dari ya chumba anacholala, buibui anamjia usingizini, nyoka anatokea, na katika bwawa la kuogelea kuna kiumbe chenye umbo la nguva. Nyanya wa Malik, mlinzi wa mlangoni ambaye Aisha anampenda, anamweleza Aisha habari za Mami Wata, roho ya maji ya Afrika Magharibi, na za Anansi, buibui mjanja wa hadithi za Waakan wa Ghana. Sisi wa pwani hatuhitaji maelezo mengi. Aliyekua akikatazwa kuogelea jioni kwa hofu ya chunusi anajua kwamba maji yana wenyewe, na aliyesikia hadithi za Sungura anajua namna mnyonge anavyomshinda mwenye nguvu. Kilichonivutia ni kwamba mazimwi haya hayamtaki Aisha mabaya moja kwa moja. Yanamhimiza, yanamtikisa, kama jamaa waliotumwa kutoka nyumbani na habari ambayo hawajui waifikishe vipi. Rina Yang, aliyeshika kamera, ameyapa mwanga wa bluu unaopendezesha ngozi nyeusi hata pale inapoogopa, na ni raha kuona filamu ambayo mtu Mweusi hapotei gizani.

Niliitazama nikiwafikiria dada zetu walioko Muscat, Riyadh na Dubai. Mfumo wa kafala, unaofunga kibali cha kuishi cha mfanyakazi kwenye mkono wa mwajiri wake, umewafanya wanawake wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania waishi wakitegemea moyo wa mtu mmoja, na ndugu huku nyumbani hujifunza kusoma hali kwa sauti ya simu tu. Lakini haki ituongoze mbali zaidi ya Ghuba. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa yuko dada wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, na mshahara wake huambiwa usubiri mwisho wa mwezi ujao kwa sababu ada ya shule imebana. Wengi wetu tutakaoitazama filamu hii kwenye sebule zetu tumekaa upande wa Amy. Kuna wakati nilimtazama Amy akijieleza na nikazitambua sentensi zake neno kwa neno, kwa kuwa nimezisikia katika nyumba za watu ninaowaheshimu.

Jusu, mzaliwa wa Marekani mwenye wazazi kutoka Sierra Leone, amesema kwamba mama yake aliwahi kufanya kazi za ndani, na hilo linaonekana katika uangalifu wa vitu vidogo. Lakini yupo pia babu wa sinema anayesimama nyuma yake. Mwaka 1966 Ousmane Sembène, Msenegali aliyewahi kuwa kuli bandarini Marseille, alitoa La Noire de..., filamu ya takribani saa moja kuhusu Diouana, msichana aliyechukuliwa Dakar kulea watoto na kujikuta Antibes, Ufaransa, akipika na kufua ndani ya nyumba asiyotoka. Aliyemwigiza, Mbissine Thérèse Diop, alikuwa mshonaji wa nguo, na sauti ya Kifaransa tunayoisikia mawazoni mwake ni ya mwigizaji mwingine, kwa hiyo hata ndani ya kichwa chake Diouana anasikika kwa sauti ya kuazima. Anajiua katika bafu la mabosi wake. Bosi anapopeleka vitu vyake Dakar, mvulana mdogo anavaa kinyago ambacho Diouana aliwapa kama zawadi na kumfuata mtaani hatua kwa hatua, naye anaharakisha kwenda kwenye gari lake huku akigeuka nyuma. Filamu ile haihesabiwi miongoni mwa filamu za kutisha, lakini hakuna kivuli kilichonifuata muda mrefu kama kinyago kile.

Kwa kuilinganisha na ile ya Sembène ndipo ninapoiona kasoro ya Nanny. Mariatou anafika New York bila Lamine, na tunaelewa kilichokuwa kikisemwa na maji muda wote: mtoto alizama baharini wakati mama yake akilea wa wengine. Aisha anajitupa mtoni, anaokolewa, anaambiwa kwamba ana mimba ya Malik, na filamu inakwisha. Haya yote yanapita kwa dakika chache, baada ya filamu iliyokuwa na subira ya kutuonyesha deni likikua siku baada ya siku. Msiba wa kufiwa na mtoto ulistahili angalau muda ule ule uliopewa mshahara. Mimba nayo inaletwa upesi mno, kana kwamba mtoto mmoja hulipia mwingine, na sidhani kwamba Jusu mwenyewe analiamini hilo. Ningependa tukae na Aisha siku inayofuata, turudi naye kwa Amy, tumwone Amy akijua. Filamu inatunyima kikao hicho, na Amy anabaki na deni lake bila kuulizwa na mtu.