Nyota za giza na tiketi ya boti

Mwisho wa Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka na amri ya kuhama kutolewa Goma, nyumba yetu ya Kadutu, hapa Bukavu, ilijaa ndugu waliokuja kwa boti. Miongoni mwao alikuwamo mpwa wangu, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa taifa, na ambaye ardhi ilikuwa imemtikisa hata hakutaka kuzungumzia jambo lingine. Jioni moja, umeme ukiwa umekatika, aliniuliza: “Mjomba, yale mawimbi ya uvutano mnayofundisha, nayo ni tetemeko?”

Nilimweleza kwamba tetemeko hupita ndani ya mwamba, ilhali mawimbi hayo ni anga na wakati vyenyewe vinavyonyooka na kubanwa, na kwamba mitambo ya LIGO, inayoyanasa mawimbi hayo huko Marekani na yenye mikono ya kilomita 4, hulazimika kujikinga na mitikisiko ya ardhi ili inase badiliko dogo kuliko sehemu ya elfu moja ya kipenyo cha protoni. Kisha nikamtajia ishara ya tarehe 21 Mei 2019, iliyodumu takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Tafsiri iliyotangazwa kwanza ilikuwa ya mashimo meusi mawili, yaani magimba ambayo hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake, yenye tungamo mara 85 na 66 ya Jua, yaliyoungana kuwa moja la 142. Mwanzoni mwa 2021, Juan Calderón Bustillo na wenzake walileta tafsiri nyingine: huenda ziligongana nyota mbili za Proca, yaani mikusanyiko ya chembe nyepesi mno, zisizotoa mwanga, ambazo zingeweza kuwa sehemu ya maada ya giza, ile maada isiyoonekana ambayo hujulikana kwa uvutano wake tu.

Alitaka kuona. Nyuma ya tiketi yake ya boti nilimchorea ishara ya 2015, ya kwanza kunaswa, ambayo mawimbi yake yanazidi kusongamana na kuongezeka kimo kadiri mashimo yanavyozungukana na kukaribiana. Pembeni yake nikachora ile ya 2019, mapigo machache tu, mzunguko wa awali karibu haupo. Pengo hilo ndilo lililowapa nafasi akina Calderón Bustillo. Hesabu zao zililingana na data vizuri kidogo kuliko zile za mashimo meusi, lakini kwa maoni yangu ishara moja fupi kiasi hicho haitoshi kuthibitisha chembe mpya.

“Sasa kitakachotosha ni nini?”

Nilimwambia kuwa chembe ya aina moja lazima iwe na tungamo moja popote ilipo. Wao walikadiria elektrovolti 8.7 × 10⁻¹³, elektrovolti ikiwa kipimo cha tungamo za chembe. Migongano mingine ikisomwa hivyo na kutoa namba hiyohiyo, mimi nitawasadiki. Akaichukua kalamu, akaandika chini yake 511,000, ambazo ni elektrovolti za elektroni, akaanza kugawanya.