G6PD inakufa kwenye barafu kabla ya kupimwa: jinsi nilivyotatua

Kwa yeyote anayepima G6PD (kimeng'enya cha glukosi-6-fosfati dehidrojenasi) ya binadamu iliyotengenezwa ndani ya bakteria na kusafishwa: kama kipimo cha kwanza kinasoma vizuri na vinavyofuata vinashuka kila unaporudi kwenye kichupa kilekile cha kimeng'enya kilichozimuliwa, soma hapa.

Mimi nilikuwa nikifuata mwanga wa nanomita 340, ambako NADPH huonekana kimeng'enya kinapoizalisha kutoka NADP, molekuli saidizi yake. Mstari ulipanda vizuri mwanzoni, kisha kila kuveti mpya (kikombe kidogo cha kupimia mwanga) ikawa mvivu kuliko iliyotangulia. Nilibadilisha sabstreti (kitu ambacho kimeng'enya hukigeuza), nikatengeneza bafa (mmumunyo unaotuliza pH) upya, nikakagua pH na joto. Wapi!

Kumbe tatizo lilikuwa kwenye bafa ya kuzimulia. Kila kipande cha kimeng'enya hiki hushika NADP ya pili, mbali na pale kazi inapofanyika, na hiyo ndiyo inayokishikilia kisisambaratike. Ukikizimua sana kwenye bafa tupu, NADP hiyo huachia. Kwenye kuveti NADP imejaa tele, lakini kimeng'enya kinafika huko kimeshachoka.

Sasa bafa ya kuzimulia naiwekea NADP mikromola 10 na albumini ya ng'ombe miligramu 1 kwa mililita, ili protini isinate kwenye plastiki. Naichanganya kwanza, naipoza kwenye barafu, ndipo naingiza kimeng'enya na kugeuza kichupa taratibu, bila kukitikisa. NADP hiyo haichafui kipimo, maana kabla ya kugeuka NADPH haionekani kwenye 340. Kuveti ya mwisho sasa inasoma sawa na ya kwanza.