Baiskeli, Mto na Mwendo wa Taratibu

Nikianza kupanga safari ya baiskeli sitafuti mji wala kivutio. Natafuta mto. Nakunjua ramani, nafuata ule mstari wa buluu kwa kidole, halafu naangalia kama kuna njia nyembamba inayokwenda nao sambamba. Ikiwapo, safari imeshapatikana. Kilichobaki ni kujua nitalala wapi.

Sababu ya kwanza ni ya miguu. Maji hayapandi mlima, na njia iliyokaa kando ya maji nayo haipandi sana. Chukua Danube: kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, ni zaidi ya kilomita 300 kwa njia ya baiskeli, lakini mto wenyewe unashuka kwa mita zisizofika 150 mwendo wote huo. Ukigawanya, ni chini ya nusu mita kwa kila kilomita. Mguu hauwezi kuuhisi mteremko wa namna hiyo, ila jioni magoti yanajua yameokolewa. Ndiyo maana safari ya kando ya mto inawafaa hata wazee waliostaafu na watoto ambao ndio kwanza wamejua kushika usukani vizuri.

Tena nyingi ya njia hizi hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Kabla ya injini za mvuke, mashua za mizigo zilizokuwa zikikwea mto zilivutwa kwa kamba, na waliovuta walikuwa farasi au watu waliotembea ukingoni. Mvutaji anahitaji njia iliyo karibu na maji, isiyo na vilima, isiyozibwa na miti. Injini zilipochukua kazi, njia zikabaki. Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 uliofunguliwa mwaka 1681 huko Ufaransa, nao una njia ya namna hiyo. Popote palipokuwa na uvutaji huo, mimi husimama kwenye madaraja ya zamani na kutazama mawe ya pembeni. Mara nyingi utakuta michirizi imezama kwenye jiwe, kidole kinaingia na kujaa, laini kabisa kwa ndani. Ni kazi ya kamba zilizolowa maji na kushika mchanga, zikisugua pale pale mwaka baada ya mwaka. Huwa siondoki kabla sijapitisha kidole kwenye kila mmoja.

Mwendo wangu ni kati ya kilomita 12 na 15 kwa saa, na sioni haja ya kuuongeza. Hewa ina deni kali: ukikimbia mara mbili zaidi, nguvu unayotumia kuipasua inakuwa mara nane. Kwenye kilomita 15 kwa saa bado unaweza kuzungumza bila kutweta, unasikia cheni ikipita kwenye meno ya gia, unasikia chura akiruka majini kabla hujafika alipokuwa. Unawahi kumwona mdiria akiwa bado ametulia tawini. Anayekwenda kilomita 30 hupita hapo hapo akisikia upepo masikioni na basi.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kuusoma mto wakati naendesha. Mto ukikata kona, maji ya upande wa nje hukimbia zaidi na kuumega ukingo, na ya upande wa ndani hupoa na kuacha mchanga. Kwa mwendesha baiskeli hiyo ni habari kubwa. Nikiwa upande wa nje, najua nitapata ukingo mrefu, mandhari ya mbali na udongo mgumu, lakini nakaa mbali na ukingo wenyewe kwa sababu chini yake huenda pameshaliwa na pana uwazi. Nikiwa upande wa ndani, najiandaa kwa mchanga: natia gia nyepesi kabla sijaufikia, nalegeza mikono, naliacha gurudumu la mbele lijitafutie njia. Ukilibana usukani kwenye mchanga, unaanguka.

Kuna jingine ambalo limenifaa sana. Mto unapofurika, mchanga mzito hutua kwanza, pale pale ukingoni, na tope jepesi huchukuliwa mbali zaidi. Miaka mingi ikipita, ukingo unajijenga ukawa tuta, ukiinuka kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Kwa hiyo baada ya usiku wa mvua, usikimbilie kwenye njia ya mashambani ukidhani kwamba mbali na mto ndiko kukavu. Mara nyingi ni kinyume: tutani pamekauka mapema, na huko nyuma maji yamesimama hadi kwenye ekseli.

Halafu vinakuja vijito. Kijito kikiingia mtoni, njia yako inakatika. Itabidi ukate kona, ukifuate kwenda juu mpaka upate daraja, uvuke, urudi tena mtoni. Wapo wanaouchukia mzunguko huu kwa sababu unawaongezea kilomita. Mimi nausubiri. Penye daraja la kijito ndipo mara nyingi penye kijiji, tena kimekaa palipoinuka kidogo, na vichochoro vyake vilikuwepo kabla ya magari. Ni vyembamba, vimepinda kufuata mipaka ya mashamba na nyumba, na lami ikiwapo ina viraka. Gari halina haraka humo. Hapo nashuka hadi mwendo wa mtu anayetembea, vidole viwili juu ya breki, kwa sababu kila kona ina ukuta, na nyuma ya ukuta anaweza kuwa mtoto na mpira wake.

Katika kijiji kimojawapo palikuwa na kinu cha zamani, na kwenye pembe ya ukuta wake watu walikuwa wamechora mistari ya mafuriko, kila mstari na mwaka wake. Mingine ilikuwa kwenye goti, mingine kiunoni. Wa juu kabisa sikuufikia hata nilipoinua mkono. Bibi mmoja alikuwa anapita na ndoo. Nilipomwamkia akaiweka chini, akasogea, akabandika kiganja kwenye mstari uliokuwa sawa na bega lake.

“Huu niliuona mwenyewe,” akasema. “Tulilala darini, mwanangu, na mbuzi tulipanda nao.”

“Na huo wa juu?”

“Huo aliuona babu yangu.”

Tangu siku ile siingii kijiji cha mtoni bila kutafuta mistari. Pasipo na mistari, natazama nyumba zenyewe: ngazi za mawe zinazopanda hadi mlangoni ingawa uwanja ni tambarare, plasta iliyobadilika rangi kwa chini, ghala lililojengwa upande wa juu wa barabara wakati nafasi ilikuwepo upande wa chini. Kila kitu kinakuambia maji hufika wapi.

Kwenye vichochoro hivyo naomba tukubaliane kuhusu kengele. Kwa watu, igonge mapema na kwa upole, ukiwa bado mbali. Kwa mifugo, iache. Baiskeli haina mlio, na ng'ombe au punda anayeshtukizwa na kengele nyuma yake anaweza kuruka upande wowote. Zungumza, hata kama ni kusema tu “napita, napita,” kwa sauti ya kawaida. Mnyama akisikia sauti ya mtu anajua ni nini kinakuja. Mbwa akikujia kwa ukali, shuka, simamisha baiskeli kati yako na yeye, tembea. Wengi wanafukuza kinachokimbia.

Kuhusu baiskeli yenyewe sitasema mengi, kwa sababu safari hii haidai baiskeli ya gharama. Inadai tairi pana, milimita 40 hivi, zilizojazwa upepo wa kiasi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe huko Belfast, na kila ninapopita kwenye mawe yaliyopangwa namshukuru. Mizigo ikae kwenye keria, mikoba miwili ubavuni, vizito chini. Tyubu ya akiba, viraka na gundi, vyuma vya kutolea tairi, pampu. Na kiti kiwe kwenye urefu ambao kisigino kikikanyaga pedali ikiwa chini kabisa, mguu unanyooka.

Swali ninaloulizwa sana ni kama mtu ashuke na mto au apande nao. Wengi hujibu “shuka” bila kufikiri. Mimi nasema uliza upepo kwanza. Kwenye mto tambarare, huo mteremko wa nusu mita kwa kilomita haukusaidii kitu mbele ya upepo wa uso kwa uso wa siku nzima. Loire ya Ufaransa inaelekea magharibi kwenye Atlantiki, na upepo wa huko mara nyingi hutoka magharibi, kwa hiyo anayepanda mto kutoka baharini ndiye anayesukumwa mgongoni. Kwenye mabonde ya milimani ni habari nyingine: siku za jua, miteremko ikipata joto, upepo huanza kuvuma kupanda bonde kuanzia mchana, na usiku hugeuka. Anayeshuka na mto huko aondoke alfajiri, awe amefika kabla jua halijachoma.

Ipo njia moja, EuroVelo 6, inayoanzia Atlantiki, ikafuata Loire, ikakutana na Rhine, ikaingia Danube na kwenda hadi Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 3,600. Sina mpango wa kuimaliza. Nataka kipande chake cha mwanzo tu, kutoka mlangoni mwa Loire kwenda juu, na siku nyingi za kulala vijijini kuliko mijini.