Greda limepita, sasa tutatokaje?

Greda lilipita mtaani kwetu wiki iliyopita, katikati ya Januari, mvua inanyesha. Ndio, umesoma vizuri, mvua inanyesha na greda linachonga barabara. Watoto walilikimbilia kwa furaha, wazee wakatoka nje wakasimama wameshika viuno, mi nikawa kibarazani naangalia tu nikajua hapa kazi tunayo. Maana barabara yetu ilikuwa mbaya ila ilikuwa mbaya ya kuzoeleka, kila mtu anajua shimo la kwa fundi cherehani unalipita kushoto, lile la kwenye mparachichi unalipita kulia huku umekunja kioo cha pembeni kisikwaruze ukuta wa watu. Sasa ivi hakuna mashimo. Kuna tope mwanzo mwisho, laini, limesawazishwa vizuri kabisa.

Udongo wa huku kwetu Mbeya, juu ya Uyole, ukilowa ni mlenda. Kilichokuwa kinatusaidia ni lile ganda gumu la juu lililoshindiliwa na matairi na miguu ya watu tangu kiangazi, na ndo hilo hilo lililokwanguliwa.

Lakini tope tungevumilia, shida kubwa ni tuta. Kama hujawahi kukaa mtaa unaochongwa na greda nikueleze, lile jisu lake linakwangua katikati linasukuma udongo pembeni, na udongo ukiachwa hapo pembeni unakuwa tuta refu la mtaa mzima, limeziba mageti, limeziba vichochoro, limefukia mtaro, limefukia na vile vidaraja vya mbao na nondo ambavyo kila mtu kajitengenezea kwa hela yake ili avuke mtaro. Mama mwenye duka la mangi hapo kona aliamka akakuta duka liko nyuma ya kilima. Wateja wanamnyooshea hela kwa juu. Afu bomba la maji lilikatwa sehemu, maji yakamwagika usiku kucha barabarani kama vile mvua haitoshi.

Mzee mmoja jirani alimfuata dereva wa greda kwa heshima kabisa, akamwambia mwanangu shikamoo yako nimeipokea lakini hili tuta nani anatoa? Yule kijana akajibu bila hata kuzima mashine, "Mzee wangu mi nimetumwa kuchonga, kusomba sijatumwa." Akaondoka. Na kwa kweli kijana simlaumu, ukimwangalia naye ni mtu wa kutumwa, kavaa makoti mawili anatetemeka.

Sasa nina mdogo wangu anaishi Minneapolis, Marekani, kule Minnesota kwenye baridi yenyewe, siyo hii yetu ya kuvaa vitenge viwili. Nikamrekodia voice nalalamika weee, nikajua ataniambia pole kaka njoo huku kwenye nchi za watu. Aisee alicheka mpaka akakohoa. Akasema kaka hayo ni ya huku kabisa. Kumbe wao Januari theluji ikianguka usiku yanapita magari makubwa yana jisu mbele yanasukuma theluji pembeni, na wewe ulikuwa umeamka alfajiri na baridi chini ya sifuri umepiga koleo njia yako ya kutolea gari mpaka mgongo unauma, ukishamaliza tu ukiwa unavua glovu gari linapita tena linakutupia ukuta mpya wa theluji mlangoni. Na ule umeshagandamana, siyo ile laini ya kupeperuka. Watu wanatoka nje na magauni ya kulalia wanampigia kelele dereva. Na ile njia ya miguu mbele ya nyumba yako ni jukumu lako wewe, Minneapolis wanakupa saa 24 baada ya theluji kukatika uwe umeshaisafisha, la sivyo jiji linasafisha halafu linakuletea bili.

Nikamuuliza sasa si bora wapitishe kila mtaa usiku uishe? Akasema thubutu, barabara kubwa kwanza, mitaa ya watu baadaye, na ikianguka nyingi jiji linatangaza dharura ya theluji, wanakwambia leo usipaki barabara hizi, kesho upande wa namba shufwa, keshokutwa upande wa witiri, ukipaki kinyume gari lako linavutwa na breakdown unaenda kulikomboa kwa hela. Anasema mwaka wa kwanza alilia. Chumvi wanamwaga barabarani barafu iyeyuke, lakini baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri hivi chumvi ya kawaida inaanza kushindwa kazi, na Minnesota Januari kufika chini ya hapo ni kitu cha kawaida, basi wanamwaga mchanga matairi yapate cha kushika. Na chumvi yenyewe inakula gari kwa chini mpaka linatoboka. Nilifikiria zile gari za Ulaya na Marekani watu wanajisifia, nikacheka.

Ila kuna kitu alinikumbusha nikakaa nacho sana. Chicago mwaka 1979 theluji ilianguka nyingi Januari, mitaa ikafungwa siku na siku, treni zikagoma, na meya wakati huo Michael Bilandic akawa anasema mambo yako vizuri wakati watu wanaona kwa macho yao hayako vizuri. Mwezi uliofuata tu kwenye kura za mchujo za chama chake akapigwa chini na Jane Byrne, ambaye akaja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Chicago. Theluji! Mtu kapoteza kiti kwa sababu ya barabara kutosafishwa. Sisi huku diwani anakuja na gumbuti anatupungia mkono tunampigia makofi, tunamwambia mheshimiwa karibu tena.

Ngoja nirudi kwenye greda maana kuna watu kwenye group la mtaa wanasema tunalalamika sana, eti tulikuwa tunalilia greda limekuja tunalilia tena. Hapana jamani. Hakuna aliyesema greda lisije. Barabara ya udongo inatakiwa iwe na mgongo katikati maji yashuke pande zote mbili yaingie mtaroni, mtaro uyatoe yaende bondeni, ndo kazi yote hiyo hakuna uchawi. Unachonga kiangazi kikiisha, Septemba Oktoba hivi, boza linamwaga maji kidogo udongo ushike, unamwaga moramu, yaani ule udongo wa changarawe, shindilia la kukandamiza linapita juu, na mitaro na makalavati yanakuwa yameshazibuliwa kabla. Ukichonga Januari bila moramu, bila shindilia, mtaro umeufukia kwa tuta lako mwenyewe, maji yataenda wapi? Yatapita barabarani. Na kila mwaka jisu likila kidogo na hakuna kinachorudishwa juu, barabara inazidi kuzama. Mtaani kwetu sasa ivi barabara iko chini kuliko mtaro wake! Geti langu fundi alilijenga likiwa sawa na njia, leo kutoka nje ni kama unashuka jukwaani, nimepanga mawe na vifusi ndo gari linashukia. Majirani wa upande wa chini wao maji yanaingia sebuleni. Kwa hiyo mtu akiniambia shukuruni mmechongewa, mi namuuliza tumechongewa barabara au tumechongewa mto.

Na usifikiri ni wenye magari tu wanaoumia. Bodaboda ya buku kutoka lami ikinyesha inakuwa buku mbili, usiku wengine hawapandi kabisa wanakwambia dada shuka hapa. Watoto wanatembea na viatu vya shule kwenye rambo, wanavaa wakifika lami. Gari la taka haliji, taka zinajaa. Mama wa viazi mviringo na kabichi anayetoka saa kumi alfajiri kuwahi soko la Mwanjelwa anatembea na mzigo kichwani kwenye giza na utelezi, akianguka biashara ya siku imeisha.

Tena sisi ni mjini. Ukipanda huko Mporoto, Kikondo mpaka Makete ndo utajua. Mkulima ana viazi shambani, mvua imeharibu njia, fuso linakataa kuingia, basi dalali anatumia njia hiyo hiyo kumbana bei, anamwambia mzee mimi nikipeleka gari langu kule litalala siku mbili, nipunguzie. Hapo gunia linasogezwa na bodaboda au punda mpaka barabara kubwa na kila hatua ina hela yake. Madereva wa kule nawavulia kofia, wanafunga cheni kwenye matairi ya nyuma, cheni kabisa za chuma, mdogo wangu nilipomtumia picha hakuamini, akasema huku nako wanafunga hizo hizo kwenye milima yenye theluji. Na ile ya Chimala kupanda Matamba ambayo watu wanaita Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake 57, ukiipanda siku ya mvua na abiria wanaotapika nyuma utaokoka hata kama ulikuwa umeshaokoka.

Barafu na sisi tunayo kidogo, siyo ya kusukuma na jisu lakini Juni Julai kule Kitulo kwenye mita 2,600 asubuhi majani yanakuwa meupe yameganda. Sema kinachotisha zaidi huku barabarani ni ukungu. Ile lami ya Uyole kwenda Tukuyu ukifika Isyonje huko juu, kuna asubuhi huoni hata boneti yako vizuri. Afu unakutana na mtu kapiga full, na full kwenye ukungu inakurudia mwenyewe machoni unaona ukuta mweupe, washa taa za chini bana. Mwingine kawasha hazadi anatembea nazo, sasa akifunga breki au akitaka kukata kona mi nitajuaje? Mwingine haonekani kabisa kwa sababu nyuma hana taa, ni fuso la ndizi kutoka Tukuyu, unaona ndizi kwanza ndo unaona gari. Hao ndo wananikera kuliko mvua yenyewe.

Na kwa tope, kwa wale wenzangu wa IST na Passo tunaojifanya tuna Landcruiser, mteremko wa tope usikanyage breki, gari litaserereka likupeleke linapotaka. Weka L kabla hujaanza kushuka, liache lijishushe lenyewe, usukani usiukate ghafla. Ukikwama usikanyage mafuta kwa hasira, matairi yanachimba kaburi, shuka tafuta mawe na matawi weka chini. Au waite wale vijana. Wale vijana wanaokaa pale kwenye bonde wakisubiri tukwame nina wasiwasi nao kidogo, kuna watu wanasema usiku huwa wanamwaga maji. Sina ushahidi. Lakini ni mabingwa wa kusukuma hilo lazima niseme, na tairi kipara wanakutambua ukiwa bado uko mbali wanaanza kusimama.

Hela ya barabara tunalipa jamani, tusiambiwe hakuna. Kila lita unayoweka sheli ina tozo ya barabara ndani yake, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya hizi hizi barabara za vijijini na mitaani. Hata yule asiye na gari analipa kupitia nauli ya bajaji na bei ya nyanya. Mi sidai lami. Nadai greda lije Oktoba badala ya Januari, mtaro uzibuliwe kabla ya kuchonga, na tuta litobolewe maji yapate pa kutokea. Na tuambiwe siku mbili kabla tutoe magari na tuonyeshe mabomba yalipo, mwenyekiti wa mtaa ana group la watu karibu wote, anatuma salamu za asubuhi njema zenye maua kila siku, tangazo la greda lingemshinda nini?

Minnesota wana mashindano ya kuyapa majina magari yao ya theluji, wananchi wanapiga kura, mwaka 2021 moja likaitwa Darth Blader, utani wa Darth Vader wa filamu za Star Wars na "blade", yaani jisu. Mdogo wangu akaniuliza na la kwenu mngeliita nani. Nikalipeleka swali kwenye group la mtaa, majina yaliyokuja mengi siwezi kuyaandika hapa, ila la "Mgeni wa Januari" limepita.

Mpaka leo tuta liko vile vile. Tulikaa Jumapili tukakubaliana msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kutoboa tuta na kila nyumba ichangie moramu tripu chache zimwagwe kwenye mteremko, hapo ndo ugomvi ukaanza, wasio na magari wanasema gari ni lenu changeni nyie, wenye magari wanasema kwani mkiumwa usiku huwa mnamgongea nani geti, yule mama wa duka akasema yeye hana gari wala hana haja ya kumgongea mtu lakini atatoa hela leo leo kwa sharti waanze na mbele ya duka lake. Kelele. Mwenye lori la moramu naye anataka hela yote mbele na anasema hapandi mpaka pakauke siku tatu mfululizo. Januari hii, Mbeya, siku tatu mfululizo. Jumamosi saa moja asubuhi tunaanza na mtaro, mwenye sururu aje nayo maana majembe hayapenyi lile tuta, na kama kuna mtu anamjua mtu mwenye lori lingine la moramu anitumie namba inbox.